Muulize Fundi: Msumeno wa babu ni upi hasa?

Toleo lililopita niligusia kwa mstari mmoja tu kwamba nimeufufua msumeno wa mnyororo uliolala darini miaka kumi na tisa. Barua zilizofuata ni nyingi kuliko zote nilizopata tangu nianze safu hii. Kumbe ziko nyumba nyingi zenye chenso iliyofunikwa gunia nyuma ya mlango, na kila moja ina mtu anayeitazama na kujiuliza. Basi leo pampu za maji na jenereta zisubiri. Niliingia karakana hapa Mafinga mwaka 1984, kijana wa kuosha vipuri kwa mafuta ya taa, na misumeno iliyokuwa ikishuka kutoka misitu ya Sao Hill ndiyo iliyonifundisha kazi. Mtanivumilia nikirefusha.

Kamwene, fundi. Babu alikuwa mpasua mbao. Ametuachia msumeno mkubwa, mzito, rangi ya machungwa iliyobanduka, na ubavuni kuna kibandiko cha Stihl 070. Jirani anasema ni wa kuigiza, umetoka China juzi tu. Mjomba anaapa ni wa Mjerumani wa zamani kabisa. Nani mkweli?
*Msomaji, Njombe*

Kamwene, mwanangu. Kibandiko usikisikilize. Vibandiko vinauzwa dukani, na rangi ya kopo haijui ilipopakwa. Nimewahi kuletewa mashine iliyoandikwa 070 ambayo mwili wake wote ulikuwa wa 041, na mwenyewe alikuwa ameilipia bei ya 070. Alikaa kwenye benchi langu kimya kwa muda mrefu.

Chukua mswaki wa zamani na mafuta ya taa, usugue taratibu ndani ya kava la klachi, chini ya kava la chujio la hewa na pembeni mwa nyumba ya feni. Unatafuta namba zilizoinuka kwenye chuma, zile zilizotoka pamoja nacho kwenye kalibu. Stihl huanza namba za vipuri vyao kwa tarakimu nne, na tarakimu hizo ni kama jina la ukoo. 1106 ni ukoo wa Contra, 070 na 090. 1108 ni wa 08. 1110 ni wa 041. Ukikuta 1106 kwenye vipande vikubwa vitatu au vinne, babu yako alikuwa na mashine ya ukoo unaotajwa. Ukikuta koo mbili au tatu zimechanganyika kwenye vipande hivyo vikubwa, hapo pana mtu aliyeunga mashine kutoka maiti za nyingine. Si dhambi, lakini ujue.

Kwa nini ukoo huo unaheshimika? Contra ilitoka 1959. Kabla yake misumeno mingi mikubwa ilikuwa na giaboksi kati ya injini na mnyororo, uzito juu ya uzito. Contra iliondoa gia, sproketi (gurudumu la meno linalovuta mnyororo) ikakaa kwenye krenki yenyewe, mhimili wa injini, na mnyororo ukaenda kwa mwendo wa injini. Mashine za 070 na 090 zilikuja baadaye zikiwa na mifupa ile ile. Ndiyo maana mjomba wako anaweza kukumbuka kweli umbo alilolifahamu utotoni, hata kama msumeno huu ni mdogo kwa umri kuliko anavyodhani.

Kisha tafuta maandishi ya nchi. Ukisoma "West Germany" au "W. Germany", chuma hicho kilitengenezwa kabla Wajerumani hawajaungana, Oktoba 1990. Lakini ukisoma Brazil usihuzunike: Stihl wana kiwanda huko tangu miaka ya 1970, na neno hilo si ushahidi wa bandia. Bandia nilizozipokea mimi huonekana kwenye chuma. Kingo zina makapi ya kalibu ambayo hakuna aliyejali kuyapiga tupa, herufi zimefumbafumba kama zilizoandikwa kwenye matope, na namba ya ukoo haipo kabisa au ipo kwenye kipande kimoja tu, kile kilichonunuliwa kama kipuri. Pitisha kidole. Chuma cha kiwanda kizuri kina kingo safi hata sehemu ambayo mteja hataiona kamwe.

Jambo la mwisho kwako. 070 na 090 kwa macho ni mapacha, na wauzaji wengi hawazitofautishi. Tofauti iko kwenye silinda. Mwendo wa pistoni ni uleule, milimita 40, ila 070 ina kipenyo cha milimita 58 na 090 ina 66. Siku utakayofungua silinda, pima kwa kalipa. Nusu ya 58 ni 29. 29 mara 29 mara 3.14 mara 40, gawa kwa 1000, unapata sentimita za ujazo kama 106. Kwa 66 utapata 137. Usiifungue kwa ajili ya kupima tu, lakini ukiwa umeifungua kwa kazi nyingine usiache kupima. Niandikie ulichokuta.

Shikamoo fundi. Nina Stihl 08 S ya baba, haijawashwa tangu 2006. Kamba inavutika vizuri, cheche hakuna. Fundi wa pikipiki amesema koili imekufa, ninunue nyingine. Naogopa kutupa hela.
*Kijana, Makete*

Marahaba. Umefanya vyema kuogopa. Katika misumeno ya pointi, yaani swichi ndogo inayokata na kuunga umeme wa cheche, niliyoletewa kwa ugonjwa huu, mingi koili zake zilikuwa nzima kabisa. Kilichokufa ni mguso wa pointi. Vile vichwa viwili vidogo vikikaa miaka bila kugongana huota ukungu mwembamba usiouona kwa jicho, na umeme haupiti.

Pointi na kondensa (kikopo kidogo kinachotunza umeme) ziko chini ya flaiwili, gurudumu zito lililo mwishoni mwa krenki. Hapa ndipo vijana wanapoharibu, na mimi niliharibu hapo hapo. Mwaka 1986 niliipiga nyundo flaiwili ya mashine ya watu, ikatoka na mapezi mawili yamevunjika. Mapezi hayo ndiyo yanayosukuma hewa ya kupoza silinda, na yakipungua upande mmoja flaiwili inayumba na kula beringi. Mzee aliyekuwa ananifundisha hakunipiga. Alinipa mapezi yale mawili, akaniambia nikae nayo mfukoni. Tafuta pula, kifaa cha kuivuta flaiwili itoke, au mtu mwenye pula. Chini ya flaiwili kuna kichuma kidogo cha nusu mwezi kinachoishika kwenye krenki. Kisipotee, na kama kimekatika nusu, cheche itakuja wakati usio wake na mashine itakurudishia kamba mkononi kwa nguvu.

Ukishafika kwenye pointi, kunja kipande cha msasa laini, namba 600 au zaidi, upitishe kati ya vichwa mara chache. Kisha pitisha karatasi nyeupe mpaka itoke bila weusi. Hatua ya karatasi wengi wanairuka, na punje moja ya msasa iliyobaki inatosha kuzuia cheche. Weka nafasi ya milimita 0.3 hadi 0.4 pointi zikiwa wazi kabisa, kwa fila geji, vile vibamba vyembamba vya kupimia nafasi. Plagi iwe na nafasi ya 0.5. Mahali ambapo flaiwili inapita karibu na chuma cha koili iliyo nje yake, nafasi ya 0.3 inafaa, na kwa kipimo hicho mimi hutumia kadi ya mchango wa harusi. Nimezipima nyingi kwa maikromita, zile nene hukaa palepale.

Ukimaliza hayo na bado giza, pima kondensa, halafu ndipo uifikirie koili.

Cheche ikipatikana usikimbilie kuwasha. Chomoa ekzosi, mulika tochi kwenye tundu lake, utazame ubavu wa pistoni. Upande wa ekzosi ndio huungua kwanza. Ukiona mistari mirefu ya mikwaruzo kama iliyochorwa na msumari, mashine iliwahi kunyimwa oili, na kuiwasha ni kumalizia silinda. Ukiona chuma laini kinachong'aa, endelea. Wenye mashine zilizokwama kabisa, kamba haivutiki, sikilizeni hapa pia: mwaga dizeli iliyochanganywa na oili nyepesi kwenye tundu la plagi, uache siku tatu, siku nne, wiki. Usiingize bisibisi kwenye tundu la ekzosi kuisukuma pistoni. Ringi zitanasa, na bisibisi itachimba kitu ambacho hakichongwi tena.

Kabureta yako ni ya kiwambo. Ndani yake kuna ngozi nyembamba za mpira, na kwa miaka hii zimekuwa ngumu kama karatasi ya sanduku. Ukizikunja zikatoa sauti ya kukatika, nunua seti mpya. Ni bei ndogo kuliko koili uliyoambiwa ununue. Badilisha pia bomba la petroli na kichujio kilicho ndani ya tanki. Skrubu za petroli, L ya mwendo mdogo na H ya mwendo mkubwa, zifunge kwa vidole hadi ziguse, bila kukaza, kisha zifungue mzunguko mmoja mmoja. Hapo ni pa kuanzia tu. Utasikiliza na kurekebisha mashine ikipata moto, na H uiache upande wa petroli nyingi kidogo, mashine inung'unike inapozunguka bila mzigo. Ikilia nyembamba kama nyigu, inajichoma.

Kuhusu oili, vitabu vya zamani husema 1 kwa 25, yaani mililita 40 kwa lita ya petroli, kwa sababu oili za wakati ule zilikuwa duni. Oili nzuri za leo zinaandikwa 1 kwa 50. Mimi mashine za umri huo huzipa 1 kwa 40, mililita 25 kwa lita. Kuna kitu watu hawakiwazi: ukiongeza oili umepunguza petroli inayopita kwenye tundu lile lile, kwa hiyo kila ukibadilisha kipimo cha oili, rudi kwenye skrubu ya H.

Na kama itawaka lakini ikawa inapanda mwendo yenyewe ukiiinamisha, zima mara moja. Sili za krenki, zile pete za mpira zinazozuia hewa, zimekauka na inavuta hewa. Jaribio langu halina gharama. Ziba ekzosi kwa mpira wa tyubu ya baiskeli uliobanwa chini ya boliti zake, ziba na mahali pa kabureta kwa mpira huo huo ukiacha tundu dogo la kupitishia hewa, kisha pampu taratibu kwa pampu ya baiskeli. Nusu baa inatosha, zaidi ya hapo utazisukuma sili nje. Paka povu la sabuni pande zote mbili za krenki na chini ya silinda. Povu litakuonyesha.

Fundi, nimesikia siki huondoa kutu. Niuloweke msumeno mzima usiku kucha?
*Msomaji, Mbinga*

Hapana. Mwili wa misumeno mingi mikubwa ya zamani ni magnesiamu, na siki huila. Utaamka ukute ndoo inachemka povu na chuma kimekuwa kama mkate. Soda kali nayo usiisogeze, maana silinda ni alumini na soda huila alumini. Mafuta ya taa, mswaki na uvumilivu. Siki itumie kwa boliti na nati za chuma cha kawaida, ukiwa umezitoa.

Hujambo mzee. Huku kwetu tunaiita pawa so. Nyuma ya kiwanda cha mbao kilichofungwa nimepewa moja nzito ajabu, imeandikwa Danarm. Meno ya mnyororo wake hayafanani na ya siku hizi, yamesimama kama ya msumeno wa mkono. Ni takataka ama ni mali?
*Msomaji, Elburgon, Kenya*

Sijambo, ndugu yangu, na barua yako nimeisoma mara tatu. Danarm ni Waingereza, wa Stroud. Jina limeunganishwa kutoka Daniels na Armstrong, walioshirikiana kuitengeneza.

Mnyororo huo usiutupe hata kama umeliwa na kutu. Zamani minyororo ya misumeno ilikuwa na meno ya kukwaruza, yaliyosimama wima, na kuyanoa ilikuwa kazi ya nusu siku. Mwaka 1946 mkata miti mmoja wa jimbo la Oregon, Marekani, Joseph Buford Cox, alimwona funza wa mbawakawa akitafuna gogo. Funza hakuwa akikwaruza. Alikuwa akikata kwa taya mbili, kushoto na kulia, kufuata nyuzi za mti na kuzipinga pia. Cox akatengeneza jino la chuma lenye umbo lile, moja limeinama kushoto, lingine kulia, na mwaka uliofuata akaanza kuiuza minyororo hiyo. Karibu kila mnyororo unaouona leo, kutoka Elburgon hadi Mafinga, umetokana na taya za funza yule.

Sasa hesabu kwa uangalifu. Mashine kuukuu yaweza kuvaa mnyororo mpya, hilo hutokea kila siku. Mashine mpya kuvaa mnyororo wa kukwaruza, hilo sijaliona. Kwa hiyo mnyororo wako unasema mashine ni ya zamani kweli, ila mwaka hautaji. Tazama kabureta. Ikiwa ina bakuli lenye boya, kama la pikipiki, basi ilikuwa haifanyi kazi ikilazwa ubavu. Watengenezaji wengi walilitatua hilo kwa kulifanya bamba lenyewe, ule upanga wa chuma unaobeba mnyororo, ligeuke huku injini ikibaki wima, ili mtu aweze kukata mti uliosimama. Legeza kishikio kilicho shingoni mwa bamba uone kama linageuka. Kabureta za kiwambo zilipoenea miaka ya 1950, shingo hizo zikatoweka.

Usiiwashe. Vipuri vyake hutavipata Nakuru wala Nairobi, na ringi moja ikivunjika umeipoteza. Ipige picha pande zote mbili kabla ya kufungua skrubu ya kwanza, nakili kila namba iliyogongwa kwenye chuma, na rangi iliyobaki iache ilivyo. Mimi ningepanda basi kuja kuiona.

Fundi, yangu ya 070 sasa inawaka vizuri. Nataka kurudi nayo kupasua mbao. Mnyororo gani, na ninoe vipi?
*Msomaji, Ludewa*

Hongera. Kabla ya mnyororo, simama mbele ya mashine uitazame. Breki ya mnyororo iko wapi? Haipo. Breki hizo zilianza kuwekwa miaka ya 1970, na 070 nyingi zilizoko huku kwetu hazinazo. Ncha ya bamba ikigusa fundo au gogo la pili, msumeno unapiga teke kuelekea usoni kwako, na hakuna kitu kitakachousimamisha mnyororo ila mikono yako. Nimezika rafiki kwa teke la namna hiyo. Nasema wazi: kwa kazi ya kila siku, kama una uwezo wa mashine yenye breki, tumia hiyo, na ya 070 iwashe mara mojamoja. Kama hii ndiyo pekee uliyonayo, basi ncha ya bamba isiguse kitu kamwe, kidole gumba kizunguke mpini wa mbele, usisimame kwenye mstari wa bamba, vaa miwani, ziba masikio, na usifanye kazi peke yako.

Mnyororo pima mwenyewe, usimwamini muuzaji. Weka kalipa katikati ya ribiti ya kwanza hadi katikati ya ribiti ya tatu. Ukipata milimita 20.5 ni wa .404 (nusu ya urefu huo, kwa inchi), ambao ndio 070 nyingi huvaa. Ukipata 18.6 ni wa 3/8. Ukipata 16.5 ni wa .325. Mnyororo na sproketi lazima viwe vya kipimo kimoja. Kuna mtu aliniletea sproketi iliyotafunwa kama muwa kwa sababu aliuziwa 3/8 akaulazimisha.

Tupa ya .404 ni ya duara ya milimita 5.5. Kwa kukata gogo kukingama, pembe ya jino ni nyuzi 30. Kupasua ubao kunafuata urefu wa nyuzi za mti, kwa hiyo punguza hadi 10. Ubao utatoka laini zaidi na injini haitateseka. Noa kila jino kwa idadi sawa ya mivuto, na ile nundu iliyo mbele ya jino uishushe kidogo kidogo kila unaponoa mara kadhaa. Ukiishusha mno jino litauma kupita kiasi, na hapo ndipo teke linapozaliwa.

Na upite ofisi ya TFS, Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, ya wilaya yako kabla ya kuingia msituni, uulize kuhusu usajili wa msumeno na kibali cha kuvuna.

Fundi, mume wangu alifariki miaka minne iliyopita. Msumeno wake uko chumbani. Sina kazi nao na siuuzi. Wanangu wanataka kuupaka rangi mpya uwe mzuri ukutani. Wewe unashauri nini?
*Mama, Makambako*

Pole sana, mama. Wakuelewe wanao, nia yao ni njema, lakini mpini wasiupake. Ukiutazama utaona mahali pamelainika na kung'aa kuliko pengine, kwenye mpini wa mbele upande wa kushoto na kwenye mpini wa nyuma kando ya kifyatuo. Pale ndipo mikono yake ilipokaa miaka yote. Rangi ikipita juu, hapatarudi. Mimi sipaki rangi mashine ya mtu yeyote aliyekwisha kutangulia, hata nikilipwa.

Waambie wafanye hivi. Wamwage petroli yote iliyomo. Kama inawaka, waiwashe nje, mbali na nyumba, iungurume mpaka izime yenyewe, ili kabureta ibaki kavu. Na wewe uwepo, uisikie. Ikipoa watoe plagi, wadondoshee kijiko kimoja cha oili kwenye tundu, wavute kamba taratibu mara tano au sita, warudishe plagi, kisha wavute tena kidogo mpaka wasikie uzito, waachie hapo. Pistoni ikiwa juu inaziba matundu na unyevu hauingii. Mnyororo wautoe, waupake oili na kuufunga kwenye kitambaa. Mwili waufute kwa kitambaa chenye mafuta kidogo. Kisha wautundike mahali pakavu, usiguse ukuta wa udongo, na gunia wasilitumie tena, maana gunia hushika maji.